Injinia wa Madirisha Sita

Tulimwita Injinia, na kosa la kwanza lilikuwa letu. Ukimpa mtu cheo ambacho hana, hautapita muda kabla hajaanza kukidai. Kazi yake halisi ilikuwa kulinda maegesho ya jengo moja la maduka mjini Riyadh: kukaa kwenye kibanda, kuinua kizuizi gari likija, kukishusha likipita. Siidharau kazi hiyo. Mimi mwenyewe ni dereva wa nyumba, napeleka watoto shule na madam sokoni. Niliyemdharau ni yeye, mtu aliyerudi jioni chumbani kwetu, mtaa wa Manfuha, akavua sare, akaketi mbele ya kompyuta, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumwambia neno.

Chumbani tulikuwa watu sita, Wakenya watupu, kwenye vitanda vya juu na chini. Kompyuta aliiunganisha mwenyewe kwa vipande vya mitumba. Ubavuni haikuwa na kifuniko, waya zake zikining'inia nje kama utumbo wa kuku. Feni ya chumba, tuliyoinunua sote, aliielekeza ndani ya ubavu huo. Mwezi wa saba, Riyadh inaungua, watu sita tumelowa jasho, na feni inapuliza kompyuta. Tulipolalamika alitueleza kwa upole wa daktari kwamba binadamu ana jasho la kumpoza na mashine haina. Tukavua mashati.

Kisa cha yote hayo kilikuwa gemu. Ni gemu la mtandaoni ambalo mashujaa sita hulinda ngome isitekwe na vikosi vingine, na vita vyenyewe hufanyika kila Ijumaa mchana. Kila shujaa ana dirisha lake kwenye skrini. Watu wenye akili hukusanyika sita, kila mmoja na kompyuta yake. Injinia aliendesha mashujaa wote sita peke yake, madirisha sita kwenye mashine moja, vidole vikiruka kutoka hili kwenda lile. Watatu walikuwa wake. Watatu wengine walikuwa wa wenzake chumbani, ambao aliwalea usiku sisi tukiwa tumelala, kisha asubuhi akatusimulia wamepanda daraja gani, kama yaya anayemsimulia mama siku ya mtoto. Mmoja wa hao watatu alikuwa wangu, mpiga mishale. Nalisema mapema nisije nikaonekana nimeficha.

Sasa, kompyuta ikifungua gemu moja mara sita huzidiwa, na hapo ndipo ulipokuwa uinjinia wake. Ubongo wa mashine yake ulikuwa na viini vinane. Kwa jinsi alivyotufundisha, na alitufundisha tukitaka tusitake, hao ni vibarua wanane ndani ya kichwa kimoja, na ukiwaacha wajigawie kazi watagombana. Kwa hiyo aliingia kwenye mipangilio na kulifunga kila dirisha kwenye kiini chake: shujaa wa kwanza kibarua wa kwanza, wa pili wa pili, hadi sita. Kiini cha saba alikiacha kwa ajili ya mashine yenyewe, ipumue. Cha nane kilikuwa cha takataka. Hilo ndilo jina alilokipa, takataka, na humo alitupa kila kisichokuwa gemu: muziki, barua, picha za watoto wetu kutoka nyumbani.

Hata ibada aliitupa humo. Riyadh huna kanisa la kwenda, kwa hiyo Ijumaa asubuhi tulitazama mahubiri yaliyorekodiwa Jumapili huko Kenya, kwenye kidirisha cha ukubwa wa kiganja pembeni ya skrini. Mchungaji alikuwa akisema maneno matatu anaganda, mdomo wazi, mkono juu. Tulikuwa tunamsubiri. Kuna Ijumaa aliganda kwenye neno "tubuni" tukamaliza kupika ugali kabla hajaendelea. Nikamwambia Injinia ampe mchungaji angalau nusu ya kibarua mwingine. Akasema Mungu husikia hata picha ikikwama.

Mambo hayo yote aliyaandika kwenye daftari la shule, lenye majedwali ya hisabati nyuma. Dirisha, kiini, joto la mashine saa ngapi. Miaka miwili ya daftari hizo. Mimi nimeona watu wakiandika mashairi, nimeona watu wakiandika madeni, lakini mtu anayeandika joto la kompyuta huku mwenzake wa kitanda cha chini anatapika kwa joto la chumba, huyo nilimwona Manfuha.

Alikuwa na misemo, na aliitoa kama mtu anayegawa sadaka. Ukimwambia simu yako nzito, anakuuliza, "Umeifungulia nini?" Ukimwambia umechoka, ni hivyo hivyo, umejifungulia nini. Msemo alioupenda kuliko yote ni kwamba dirisha lisilotazamwa halistahili kiini. Alimwambia hivyo hata jirani yetu Msudani aliyekuja kulia kwamba mke wake hapokei simu. Msudani hakuelewa Kiswahili, akashukuru, akaenda zake.

Miaka baadaye niliambiwa na binti wa madam wangu, msichana wa miaka kumi na saba anayecheza gemu hizo hizo, kwamba mashine za siku hizi hujigawia kazi zenyewe vizuri kuliko mtu anavyoweza kuzigawia, na kwamba kufunga madirisha kwenye viini ovyo mara nyingi ni kuzifunga miguu. Nilicheka hadi akaniuliza kulikoni. Debe tupu, na sisi tulikuwa tukilivulia kofia.

Mgala muue na haki yake umpe. Nilipopata homa mwezi mzima mwaka wa kwanza, Injinia ndiye aliyenipikia uji kabla ya zamu, na hakuwahi kunikumbusha. Kitanda cha chini, ambacho kila mtu anakitaka kwa sababu huhitaji kupanda, alimpa mzee wa Machakos akalala yeye juu karibu na dari lenye moto. Hakugombana na mtu, hakusengenya, hakugusa kitu cha mwenzake. Ukimwondoa kwenye kompyuta alikuwa jirani mwema. Shida ni kwamba huwezi kumwondoa.

Wa tano chumbani alikuwa Wafula, kutoka Kimilili, mpakiaji mizigo kwenye ghala. Huyu hakuwa na shujaa kwenye gemu. Alisema ana watoto wawili wa kweli wa kulea. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, alikuwa mtu wa kutoa ahadi asubuhi na kuikana jioni. Lakini Wafula alibahatika. Kiwanda kimoja cha mikate kilimtaka, na yeye mikate ndiyo aliyoipenda. Alikuwa akitukandia chapati kwa mikono ile iliyopasuka, na akisema akirudi nyumbani atajenga tanuri sokoni. Kiwanda kikatuma ombi la kumhamisha kwa njia ya mtandao. Kilichobaki ni yeye kuingia, kuandika namba ya siri itakayotumwa kwenye simu yake, na kubonyeza kukubali. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa kumi alasiri. Zikipita bila yeye kukubali, ombi linafutika, na ikama yake, kibali cha kuishi nchini, inabaki mkononi mwa kafili wa zamani.

Wiki ile Wafula alilala ghalani kwa wingi wa mizigo, akaachiwa Ijumaa mchana tu. Simu yake ilikuwa mulika mwizi, ya kupokea ujumbe na kuwasha tochi. Kwenye simu yangu nilimjaribia Alhamisi, ukurasa ukafunguka nusu, kitufe cha kukubali hakionekani. Vibanda vya intaneti mtaani vilikuwa vimefungwa kwa swala ya Ijumaa na havikufunguliwa hadi baada ya alasiri. Injinia alikuwa amemwahidi kwa simu tangu Jumatatu. "Karatasi ni kazi ya kompyuta," alimwambia. "Wewe njoo Ijumaa tu, ni dakika mbili."

Ijumaa nilimfuata ghalani, tukafika chumbani saa tisa kasoro dakika tano. Injinia alikuwa vitani. Ngome ilikuwa imezingirwa tangu saa nane, na madirisha yote sita yalikuwa yanawaka. Alimfungulia Wafula ukurasa pembeni, pale pale pa mchungaji, kwenye kiini cha nane, na akarudi vitani bila kugeuza shingo.

Ukurasa ulichukua muda mrefu kufunguka hadi Wafula akaanza kuomba kimoyomoyo, midomo ikicheza. Ukafunguka. Akaandika namba ya ikama, tarakimu zikitokea moja moja, nyuma ya kidole chake. Simu ikalia, namba ya siri imefika. Mimi nilikuwa nimeishika simu, nikamsomea. Ile namba huishi dakika moja. Wafula akaandika tarakimu nne, skrini ikaganda. Ilipoamka, namba ilikuwa imekufa.

Tukaomba nyingine. Ikawa vile vile. Zamu hii aliwahi kuandika zote, akabonyeza, kialama cha kungoja kikazunguka, kikazunguka, muda umeisha.

"Injinia," nikasema, "ongezea huu ukurasa kibarua. Ni kubonyeza mara mbili tu."

"Nikigusa mipangilio saa hii zote zitatingishika. Dakika kumi, hii vita inaisha."

Zilikuwa saa tisa na nusu. Dakika kumi zikapita. Nikamwambia afunge dirisha moja tu. Akasema watatu wake ni mganga, ngao na kiongozi, akifunga yeyote kati yao wote sita wanakufa. Kisha, bila kuondoa macho kwenye skrini, akauliza, "Haya, semeni nyinyi. Kati ya hizo zenu tatu, nifunge ya nani?"

Wawili wenzangu wenye mashujaa walikuwa kitandani wakitazama. Hakuna aliyesema. Nami sikusema. Niliona ni swali la hila, la mtu anayetafuta pa kutupia lawama. Mashine ni yake, ahadi ni yake, na tangu lini Injinia akaomba ruhusa? Hivyo ndivyo nilivyojiambia wakati ule, na nimejiambia mara nyingi tangu hapo. Mpiga mishale wangu alikuwa na miezi kumi na minne.

Wafula hakumtazama Injinia. Alitutazama sisi, mmoja mmoja, kwa adabu, kama mtu anayengoja foleni. Halafu akaomba namba ya tatu. Nikamsomea. Skrini ikaganda kwenye tarakimu ya tano, na ilipoamka kukawa na maandishi mekundu: umekosea mara tatu, jaribu tena baada ya saa ishirini na nne.

"Halas, imekwisha," akasema Wafula. Akachukua simu yake mkononi mwangu, akaenda kukanda unga. Ilikuwa zamu yake ya kupika.

Ngome haikutekwa. Nataka hilo lijulikane. Saa kumi na dakika tano Injinia aliinua mikono juu, akapiga kofi moja, akatugeukia. Akauliza, "Imekubali?"

Yaliyofuata hayakuhitaji injinia. Kafili wa zamani aliposikia kuna watu walimtaka Wafula, akamripoti kwamba ametoroka kazini. Ikama ikafa. Wafula akaacha kulala kwetu asitutie mashakani, akawa analala chumba hiki leo, kile kesho, Manfuha hiyo hiyo, akitembea vichochoroni na kofia usoni. Wiki ya sita walimkamata akitoka kununua unga. Akapigwa alama za vidole, akapakiwa ndege, na mlango wa nchi ile ukafungwa nyuma yake. Hakupata hata kurudi kuchukua shuka.

Na Injinia? Kesho yake ya Ijumaa ile alifungua daftari, akapiga mstari juu ya jedwali la zamani, akachora jipya. Kiini cha nane kikahamishiwa kwa mganga, takataka zikapewa kiini cha saba. Nilimwona kwa macho yangu. Nilimuuliza anaandika nini, akasema, "Narekebisha." Nikatema mate sakafuni, chumbani mwetu, mahali tunapolala, na mwezi uliofuata nikahama. Kila nilipokaa na Wakenya wenzangu baada ya hapo niliwasimulia juu yake, na nilimsimulia vizuri: feni, mchungaji aliyeganda, daftari, ngome isiyotekwa. Watu walicheka mahali pa kucheka na kutikisa kichwa mahali pa kutikisa kichwa. Nimekuwa hodari wa kisa hicho.

Familia ninayoiendesha ilihamia Jeddah, mtaa wa Rawdah, na mimi na gari tukahamia nayo. Mwaka huu kompyuta ya binti ikaanza kukwama akifungua gemu zake nne kwa pamoja. Mdogo wake alikuwa ameichezea mipangilio. Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana madam akanikabidhi mashine, akanielekeza kwa fundi mmoja anayesifiwa, mtaa wa Ruwais, nyuma ya maduka ya nyavu. Akasema yalla, haraka, nisichelewe, saa kumi na moja ana mwaliko.

Nilisukuma mlango wa kioo nikamkuta yeye, Injinia.

Amekonda, amevaa miwani, ndevu zimeingia mvi upande mmoja. Alisimama, akanipa mikono miwili, akaniita ndugu. Nikampa mkono mmoja. Nikamweleza tatizo la mashine kama ninavyomweleza fundi yeyote, naye akaifungua kimya. Akacheka kidogo. "Huyu mtoto amefunga kila dirisha na kiini chake," akasema. "Ameona kwenye video." Akayafungua yote manne. Akaniambia siku hizi hafungi kitu, anaiacha mashine igawe yenyewe, yeye hupunguza tu picha za yale madirisha ya nyuma yasiyotazamwa. Nilikuwa na la kumjibu, la miaka mingi, nimelipanga na kulipiga msasa. Nikawa nalitafuta lianzie wapi.

Yeye akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi.

"Umekuja saa nzuri," akasema. "Saa hii nampigia Wafula."

Nikamuuliza Wafula yupi.

"Wafula wetu. Kila Ijumaa saa kumi, tangu arudi. Mara ya kwanza alinikatia. Ya pili akanikatia. Ya tano akapokea akanitusi hadi salio lake la hasira likaisha, halafu akaniuliza kama nimekula." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Nilimwambia nilikosea. Si viini, mimi. Nilimwambia hivyo hivyo."

Sikujua niweke wapi mikono. Nikamuuliza kama alijenga lile tanuri. Akasema la udongo, dogo, anauza mikate na mandazi, mvua ikinyesha hauzi. Kisha akasema, bila ubaya wowote, jambo ambalo ningependa angelisema kwa ubaya.

"Anakuulizia wewe kila mara. Anasema wewe ndiye uliyemshikia simu siku ile, ukamsomea namba. Anataka kujua kama uko salama. Nikamwambia tulipotezana. Namba yako sikuwa nayo, na yeye alisema yake ya nyumbani unayo."

Ninayo. Nilihama nayo kutoka simu ya kwanza hadi ya pili, na hii ya tatu.

Alikuwa ameshapiga. Aliiweka simu mezani, sauti nje, ikalia mara mbili, na ikapokelewa. Nyuma kulikuwa na kelele za soko, mtu anataja bei ya sukuma wiki.

"Injinia, habari ya Ijumaa?" Sauti ile ile, ya taratibu, ya mtu anayengoja zamu yake.

"Njema, ndugu yangu. Watoto?"

"Wako. Mbona unaongea kama uko na mgeni?"

Injinia akaniinulia macho. Aliisukuma simu upande wangu, kidogo tu, kwa kidole kimoja. Miaka yote hiyo nilikuwa na maneno mengi juu ya siku ile, na yote yalikuwa ya kumsema mtu huyu aliyekaa mbele yangu. La kumwambia Wafula sikuwa nalo hata moja. Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha kwa mkono: mafi, sipo.

Akaendelea kunitazama. Hakunikasirikia, afadhali angenikasirikia. Akairudisha simu karibu yake.

"Hapana," akamwambia Wafula. "Niko peke yangu."

Nikabeba kompyuta ya binti, nikafungua mlango polepole usilie, nikatoka kwenda kwenye gari.